Nipande nini, nile mimi na vipepeo nao wale?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu na nimehamia Kigamboni mwaka jana. Nyuma ya nyumba nina uwanja wa mita 12 kwa 15, mchanga mtupu, jua kuanzia asubuhi hadi jioni, na maji ya kisima yana chumvichumvi. Fundi wa bustani amenishauri nimwage kokoto, nipande bogenvilia na lantana, akasema ndiyo maua yanayoleta vipepeo. Mimi ningependa mimea ya asili ya huku kwetu, tena inayolika, na ambayo wajukuu wakija likizo watapata vipepeo wa kutazama. Je, mambo haya matatu yanaweza kukaa pamoja katika kiwanja kidogo namna hii, na nianzie wapi?

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Yanakaa pamoja, tena kwa urahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu mboga nyingi ambazo bibi zetu walikuwa wakizichuma pembezoni mwa shamba bila hata kuzipanda ndizo hizo hizo wanazokula vipepeo wa Pwani. Ila kuna jambo ambalo ni lazima tukubaliane kabla sijakutajia mche hata mmoja. Ukitaka vipepeo utapanda chakula cha viwavi, na ukipanda chakula cha viwavi utaona majani yaliyotobolewa. Mtu asiyeweza kuvumilia tundu kwenye jani namshauri afuge kuku.

Fundi wako hakukosea kabisa. Vipepeo hufuata maua kwa ajili ya nekta, yale maji matamu yaliyo ndani ya ua, na lantana inayo nekta nyingi. Lakini kipepeo akishakunywa huondoka, kama abiria aliyeteremka basi Chalinze akanywa chai na kuendelea na safari. Kinachomfanya kipepeo jike abaki, na kizazi chake kizaliwe uani kwako, ni jani la kutagia. Kila aina ya kipepeo ina mimea yake michache ambayo viwavi wake wanaweza kuila; mingine yote kwao ni sawa na karatasi. Ndiyo maana utamwona jike akitua, akipigapiga jani kwa miguu ya mbele, akiruka na kutua jani jingine. Anaonja. Vipepeo huonja kwa miguu, na jike hatatagia mpaka miguu imwambie kwamba hilo ndilo jani lenyewe.

Somo hili nililipata kwa aibu. Bustani ya kwanza niliyolipwa kuipanga, katika nyumba moja ya Dar es Salaam, niliijaza maua ya kitalu ya kila rangi, na mwenye nyumba akawa ananiuliza kila wiki vipepeo wako wapi, kwa kuwa waliokuja walipita tu juu ya ukuta. Siku moja dada wa jikoni akaniita nyuma ya nyumba, kwenye mndimu alioupanda mwenyewe kwenye ndoo iliyopasuka, aniulize kama kuna dawa ya kuua wadudu waliokuwa wakiumaliza. Katika mche ule mmoja, mfupi kuliko mimi, palikuwa na viwavi saba. Wale wadogo walikuwa weusi wenye mabaka meupe, wakionekana hasa kama kinyesi cha ndege kilichodondokea jani, na hiyo ndiyo kinga yao, kwa maana hakuna ndege anayekula kinyesi cha ndege. Wawili waliokuwa wakubwa walikwisha geuka kijani. Nilipomgusa mmoja kwa kijiti, alitoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zikatoa harufu kali ya matunda ya jamii ya ndimu yaliyooza, kisha akazirudisha ndani kama mtu anayefunga mwavuli. Huyo ndiye Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano ambaye bila shaka umekwisha kumwona. Bustani yangu ya maua yote haikuwa na jani hata moja analoweza kula kiwavi wake, na mndimu wa ndoo ulikuwa nalo.

Kwa hiyo tuanze na majani, na maua tutayafikia baadaye.

Kwanza ardhi yako. Mchanga wa Kigamboni haushiki maji wala mbolea, na ukimwagilia maji ya chumvi juani, chumvi hubaki juu baada ya maji kukauka. Kokoto achana nazo, maana zitaongeza joto na kufukia udongo ambao viwavi wengi wa nondo, na wadudu wengine wenye faida, huhitaji kujifukia. Chimba matuta matatu ya upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5, uchanganye mchanga na mboji au samadi iliyooza vizuri, karibu ndoo mbili za lita 20 kwa kila mita ya tuta, kisha ufunike kwa matandazo ya majani makavu au makumbi ya nazi. Weka mfereji kwenye paa na tangi la kuvunia mvua. Maji ya tangi yawe ya miche na ya mndimu, ambao hauipendi chumvi hata kidogo, na ya kisima yaende kwa mimea sugu nitakayoitaja. Upande wa kusini, ambako kusi huvuma kwa nguvu kuanzia mwezi wa Mei, panda ua mrefu wa kuzuia upepo, kwa sababu vipepeo hawakai mahali ambapo wanapeperushwa kila wakitua. Upande wa mashariki uache wazi. Asubuhi hukaa wametandaza mbawa juani mpaka mwili upate joto la kurukia, na hapo ndipo wajukuu watakapowaona kwa karibu zaidi.

Sasa mboga. Niruhusu nikae kidogo kwenye mmea mmoja ambao pengine umeung'oa wiki hii na kuutupa. Ni ule unaotambaa chini, wenye shina jekundu lililonona, majani madogo manene kama kijiko, na maua ya manjano yanayofumbuka jua likipanda. Wataalamu wanauita Portulaca oleracea. Pwani wengi wanauita tako la hasara, jina ambalo sijawahi kupata maelezo yake yanayoandikika. Huota kwenye mchanga, huvumilia chumvi, haudai mbolea, na majani yake yenye uchachu kidogo hupikwa peke yake kwa tui la nazi au huchanganywa na mchicha ili kuupa utelezi. Mtu mwenye historia ya mawe ya figo asiule kwa wingi, kwa sababu una oksaleti nyingi, kemikali inayochangia kujenga mawe hayo. Na jambo la kuwafundisha wajukuu kabla hawajachuma chochote ni hili: kata shina. Likitoa maziwa meupe, huo ni mmea mwingine unaotambaa, wa jamii ya euforbia, na hauliwi. Tako la hasara hutoa maji tu.

Tako la hasara ni chakula cha viwavi wa Hypolimnas misippus, na hapa pana mchezo ambao ukiuona mara moja hutausahau. Dume lake ni jeusi, lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau inayong'aa. Jike halifanani naye hata kidogo: ni la rangi ya machungwa, lenye ncha nyeusi na madoa meupe, na linafanana kabisa na kipepeo wa aina nyingine, Danaus chrysippus, ambaye viwavi wake hula mimea yenye utomvu wa sumu na ambaye kwa hiyo ndege wakishamwonja mara moja hawamrudii. Jike la misippus halina sumu hiyo. Limejivika nguo ya mwenye sumu. Ukiona vipepeo viwili vya machungwa bustanini na huvitofautishi, tazama bawa la nyuma: Danaus ana madoa madogo meusi, kwa kawaida matatu, karibu na katikati ya bawa hilo, na misippus ana doa moja ukingoni. Au subiri uone wanatagia wapi. Anayezungukazunguka chini kwenye tako la hasara ndiye tapeli.

Danaus mwenyewe usimpandie chakula cha viwavi wake ikiwa wajukuu ni wadogo, kwa sababu mimea hiyo ina maziwa yanayodhuru macho, na hailiwi. Kuna njia nyingine ya kumwita. Panda marejea, Crotalaria ochroleuca, ile ambayo wakulima wengi huifukia shambani iwe mbolea ya kijani, na ambayo ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya hupika majani yake machanga na kuyaita mito au mitoo. Ina uchungu, hivyo huchemshwa na kuchanganywa na mboga nyingine. Mbegu zake zisiliwe. Madume ya Danaus huja kwenye marejea kufyonza kemikali wanazozihitaji kutengeneza harufu ya kuwavutia majike, na huipenda zaidi ikiwa imejeruhiwa au imekauka. Kata tawi, lininginize kichwa chini mahali penye kivuli chepesi, na baada ya siku chache utaona madume yameling'ang'ania kama watu waliopanga foleni. Faida ya ziada ni kwamba marejea hurutubisha mchanga wako, kama kunde.

Mboga ya tatu ni ile inayoitwa tikini na watu wengi wa Tanga, Asystasia gangetica: kamba ndefu zinazotambaa, majani laini ya kijani, maua meupe yenye doa la zambarau kooni. Huliwa kama mchicha, na majani machanga ni matamu hasa yakipikwa kwa karanga au nazi. Viwavi wa vipepeo kadhaa wa jamii ya Junonia huila, akiwemo Junonia oenone, yule mweusi mwenye doa la buluu kali kwenye kila bawa la nyuma, anayependa kutua kwenye njia ya mchanga na kuwafukuza vipepeo wengine wakikaribia. Misippus naye huikubali. Tikini ina tabia ya kuteka nyumba: usiipe tuta zuri, iache chini ya ua wa kusini ambako haina pa kwenda, na uipunguze kwa kuichuma.

Mlenda, nao, usiukose. Nina maana ya Corchorus olitorius, unaovutika ukipikwa, ambao jamaa zetu wa Kenya huuita murenda. Vipepeo wadogo wa machungwa wa jamii ya Acraea hutaga mayai yao kwa makundi kwenye mlenda na ndugu zake wa porini, na viwavi wao wenye miiba wanaweza kulibakiza shina tupu kwa siku chache. Miiba hiyo inatisha kwa macho lakini haiwashi. Mbegu za mlenda zina gamba gumu, na watu wengi hukata tamaa zisipoota: zifunge kwenye kitambaa, zichovye kwenye maji yaliyokaribia kuchemka kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha zitoe na kuzianika kivulini kabla ya kuzisia. Mgagani una shida tofauti, kwa kuwa mbegu mpya zimelala na zinahitaji kuhifadhiwa miezi mitatu hadi sita ndipo ziote vizuri. Kwa vipepeo sitausifia sana mgagani, ila kwa mezani hauna mpinzani ukichemshwa, ukamwagwa maji ya kwanza na kuungwa kwa maziwa.

Kunde zitajaza tuta lililobaki. Kunde ni mmea wa Afrika hasa, majani yake tunayajua sote, na maua yake hutembelewa mapema asubuhi na vipepeo wadogo wa buluu wenye vimkia vyembamba kama nywele, Lampides boeticus, ambao viwavi wao huingia ndani ya maua na maganda machanga. Hapa utapoteza punje kadhaa. Mchunga, ule wenye majani machungu na maua ya manjano, utaota wenyewe kama udongo unaupenda, usiung'oe.

Kuhusu kugawana, mimi hufanya hivi. Kila tuta lina mistari minne, mitatu ni yangu na mmoja ni wao. Viwavi nikiwakuta kwenye mistari yangu nawahamisha kwa jani lao hadi kwenye mstari wa nne, asubuhi kabla jua halijawa kali, na kila baada ya wiki tatu nasia tena ili pasiwe na pengo. Mboga za majani hukua haraka, kwa hiyo makubaliano haya si ghali. Jambo ambalo haliwezekani kabisa ni dawa. Dawa ya kuua wadudu haitofautishi kiwavi wa kipepeo na mwingine, na hata ile ya asili, maji ya mwarobaini, ambayo watu huidhania haina madhara, huwazuia viwavi kula na kukua hadi wakafa. Vidukari wakizidi kwenye kunde, wapige kwa maji ya mpira wa bustani au kata vikonyo vilivyoathirika. Na ukinunua miche kitaluni, uliza ilipuliziwa lini. Mche uliopuliziwa juzi ni mtego kwa viwavi kwa majuma kadhaa.

Miti na vichaka ni hesabu nyingine, kwa sababu ukikosea hapa unangojea miaka. Kwa uwanja wako nisingepita aina tano.

Mndimu mmoja uwe karibu na mlango wa jikoni, umwagiliwe maji ya tangi. Nakiri kwamba mndimu si wa asili yetu, ulitoka Asia. Ndugu yake wa asili ni mjafari, Zanthoxylum chalybeum, wenye vinundu vya miiba kwenye shina, na majani ukiyasugua hunukia kama ngozi ya ndimu. Watu huyatia kwenye chai. Papilio demodocus alikuwa akitagia kwenye mjafari na ndugu zake wa porini kabla ndimu haijaletwa, na bado hufanya hivyo. Ukiupata mche, upande kona ya kaskazini mbali na njia ya watoto, kwa sababu ya miiba. Miche michanga ya mndimu, iliyo chini ya futi tatu, ihamishe viwavi wote, maana inaweza kufa, ukishakomaa hautajali.

Mti ninaokusisitizia kuliko yote ni mtopetope mwitu, Annona senegalensis, ambao wengine huuita mchekwa au mtomoko mwitu. Ni mdogo, unavumilia mchanga, ukame na hata moto, majani yake ni mapana na yana rangi ya majivu upande wa chini, na matunda yake ya manjano, madogo kuliko yai la kuku, hunukia kama nanasi lililoiva. Duka haliyauzi kwa sababu hayasafiri; yanaliwa chini ya mti. Viwavi wa Graphium angolanus, kipepeo mweusi mwenye mabaka makubwa meupe na wekundu wa kutu chini ya mbawa, hula majani yake. Hawa Graphium ni wepesi mno, hawatulii wakinywa nekta bali hupepesa mbawa muda wote, na pengine utawaona vizuri zaidi kwenye mchanga wenye unyevu kuliko kwenye ua. Mti huu una mzizi mrefu unaokwenda chini moja kwa moja, kwa hiyo usijaribu kung'oa mche mkubwa porini. Panda mbegu mbichi kutoka tunda bivu, kwenye kiriba kirefu, na uuhamishe ukiwa na majani manne au matano.

Kwa ua wa kusini panda mchongoma. Hapa nahitaji kuwa mwangalifu, kwa sababu Tanzania jina hilo hupewa kila ua wa miiba, na methali ya kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, haimwambii mtu ni mti gani. Ninaokusudia ni Flacourtia indica, unaoitwa pia mgovigovi: kichaka chenye miiba mirefu, majani madogo yanayochipua mekundu, na matunda ya duara ya zambarau iliyokoza, matamu yenye ukakasi kidogo, mazuri kwa jemu. Chipukizi zake hutagiwa na Phalanta phalantha, kipepeo wa machungwa mwenye madoadoa meusi kama chui, asiyetulia hata akitua. Kwa kawaida mti mmoja huwa dume na mwingine jike, hivyo ukipanda mmoja huenda usile tunda maishani. Panda sita au saba katika mstari mmoja, umbali wa mita moja na nusu, ukate kila baada ya mvua ili uchipue upya, kwa sababu kipepeo anataka majani machanga.

Ukiwa na nafasi ya mmoja zaidi, mkole utakufaa. Matunda yake madogo ya kahawia watoto huyamung'unya kama peremende, viwavi wa vipepeo wanene wenye mruko wa kurukaruka hujikunja ndani ya majani ya jamii hiyo, na ukimweleza jirani Mzaramo kwamba umepanda mkole atakutazama mara mbili, kwa kuwa ndio mti wa mwali. Mabungo ningependa sana kukushauri, kwa ajili ya juisi yake, lakini mmea ule hutambaa hadi ukafunika nyumba na unataka mti mkubwa wa kuupanda. Mkwaju na mbuyu uache kwa mwenye ekari.

Nimetaja asili mara nyingi, na nisingependa ukalichukua neno hilo kwa ukali. Mihogo na matembele yalitoka Amerika, mwembe ulitoka India, na hakuna atakayekuambia uondoe kisamvu mezani. Sababu ya kupendelea mimea ya asili hapa ni ya kiwavi: kipepeo wa Pwani na mmea wa Pwani wamezoeana kwa muda mrefu sana, na mmea wa kigeni mara nyingi hauna yeyote anayeula. Ndiyo maana bogenvilia huwa safi, bila tundu, mwaka mzima. Lantana ni kisa kibaya zaidi. Ilitoka Amerika ya kitropiki ikaletwa kama pambo, ndege wakabeba mbegu, sasa imefunga misitu na malisho sehemu nyingi za nchi, na majani yake ni sumu kwa mifugo. Ukishaipanda Kigamboni hutaidhibiti mbegu zake.

Maua ya nekta utayapata kwa mimea ya hapa hapa. Kivumbasi kiwe kingi, kando ya njia na karibu na madirisha, kwa sababu kikichanua hakikosi nyuki na vipepeo wadogo, majani hunywewa chai, na jioni ukiyapondaponda hupunguza mbu. Pentas yenye maua mekundu, ambayo ipo porini Pwani na vitalu vingi vina aina zake za kufugwa, ndiyo ninayoipanda mahali ambapo wengine wangeweka lantana. Chagua yenye maua ya safu moja, kwani yale yaliyozalishwa yakawa na petali nyingi mara nyingi nekta haifikiki. Acha pia tuta moja la marejea lichanue hadi mwisho.

Mahali pa kunywea si lazima pawe ua. Chukua beseni pana, jaza mchanga, changanya na majivu ya jikoni kiganja kimoja, na uuweke unyevu kila siku bila maji kusimama juu, maana hatutaki mbu wa dengi. Madume hukusanyika hapo kunywa chumvichumvi. Embe au ndizi iliyopitiliza, ukiining'iniza kwenye sahani kivulini, itawaleta Charaxes, wale wakubwa wenye mikia miwili kila upande, ambao wengi wao hawajali maua kabisa na hupigania tunda lililochacha.

Wajukuu waambie kwamba kiwavi mwenye manyoya marefu asishikwe. Kiwavi washa kwa kawaida ni wa nondo. Wengine wote waguswe kwa jani, si kwa vidole.

Mbegu za kunde, mlenda na mgagani huzikosi sokoni. Kwa mgagani na mlenda unaweza kumwomba mama wa mboga akuachie mashina yaliyokomaa na maganda. Kituo cha World Vegetable Center kilichopo Arusha kimekusanya mbegu za mboga nyingi za Afrika kwa miaka mingi, na Wakala wa Huduma za Misitu huuza mbegu na miche ya miti, ikiwemo ya asili. Tikini na tako la hasara ni vya kuombwa kwa jirani: kipande cha shina chenye vifundo viwili kinatosha. Usiende kuchimba miche kwenye msitu wa hifadhi, Pugu au kwingine, bila kibali.

Kama unadhani haya ni mapenzi yangu tu, fikiria kwamba watu wanaoishi kuzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya wamekuwa wakilea viwavi ili kuuza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga akingoja kugeuka kipepeo, nje ya nchi tangu 1993, chini ya mradi wa Kipepeo pale Gede, na wa Amani katika Usambara Mashariki walianza 2003, mpaka Serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Ukiwatembelea wafugaji hao, shamba unaloonyeshwa kwanza ni la majani. Maua huwa machache.

Anza na vuli. Mwezi wa Septemba andaa matuta, mvua za kwanza za Oktoba au Novemba sia kunde, mlenda na marejea, na ununue mndimu wenye umri wa mwaka mmoja na zaidi. Michongoma na mtopetope ingoje masika ya mwezi wa Machi, ili mizizi ipate wiki nyingi za mvua. Mndimu utatagiwa kwanza, huenda ndani ya mwezi mmoja: kila asubuhi geuza majani machanga, utafute punje moja moja ya manjano hafifu, ndogo kuliko kichwa cha pini, ya duara kabisa. Ukiipata, kata kijitawi, kiweke kwenye chupa ya maji iliyozibwa mdomo kwa pamba ili kiwavi asizame, funika kwa chandarua kuukuu, na ubadilishe majani kila siku. Kwa joto la Kigamboni, kutoka yai hadi kipepeo ni kama wiki tano hadi saba, kwa hiyo yai litakaloonekana mapema Novemba litatoa kipepeo likizo ya Desemba ikiwa imekwisha anza. Pupa atajifunga kwenye kijiti kwa uzi mmoja kiunoni. Kipepeo hutoka mara nyingi asubuhi, mbawa zikiwa zimekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Wajukuu wasimguse kwa saa moja au mbili, mpaka zinyooke na kukauka, ndipo muondoe chandarua.